Namba za mhimili kwenye picha ya joto la Ziwa Tanganyika: nifanyeje zisomeke kwa longitudo na latitudo?

Binti Ujiji, Kigoma

Habari za kazi, wanajukwaa. Naomba msaada katika kuchora picha kwa kutumia Python na maktaba yake ya Matplotlib. Nina faili la joto la maji ya juu ya Ziwa Tanganyika lililotokana na vipimo vya setilaiti, wastani wa mwezi Julai, na nimelisoma hadi kupata jedwali la namba lenye safu mlalo 120 na safu wima 50, ambalo nimelipa jina la joto. Kila pikseli ina upana wa nyuzi 0.05. Ndani ya faili hilohilo zimo orodha mbili: ya longitudo, inayoanzia 29.025 na kuishia 31.475, na ya latitudo, inayoanzia -8.975 na kuishia -3.025.

Nikiandika plt.imshow(joto) picha inatokea vizuri, lakini mhimili wa chini unasoma 0 hadi 49 na wa pembeni 0 hadi 119, yaani inahesabu pikseli tu, wala haijui kwamba hapa tunazungumzia ziwa lililopo duniani. Nimejaribu kubadilisha maandishi ya mihimili kwa amri za xticks na yticks, nikaandika 29, 29.5, 30 na kuendelea mahali nilipokadiria kuwa ndipo. Kwa macho ilipendeza. Nilipotaka kuweka nukta ya mji wa Kigoma, ambao uko kwenye longitudo 29.63 na latitudo -4.88, nukta ilikwenda juu kabisa, nje ya picha, kwenye eneo jeupe.

Jambo la pili linanitia shaka zaidi. Picha inaonyesha maji baridi yakiwa sehemu ya juu, ambayo kwa mazoea ya ramani ni kaskazini, kuelekea Bujumbura. Maandiko kuhusu ziwa hili yanaeleza kinyume chake: wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji yenye joto kwenda kaskazini, na maji baridi ya kina hupanda juu upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia. Picha hii itaingia kwenye ripoti itakayosomwa na watu wanaofuatilia uvuvi wa dagaa na migebuka, kwa hiyo sitaki kuwapa kitu kilichogeuzwa. Je, tatizo liko kwenye data au kwenye uchoraji?

Kijana wa Mwanga, Kigoma Mjini

Dada, pole na kazi. Data yako ni nzima, ila imshow inaanza kuchora kutoka juu. Lipindue jedwali, safu ya mwisho iwe ya kwanza, kwa np.flipud(joto) kabla ya kuchora, kisha uongeze extent=[29.025, 31.475, -8.975, -3.025] ndani ya imshow. Hapo mihimili itasoma nyuzi na Kigoma itarudi mahali pake.

Mwalimu wa Hisabati, Tabora

Kijana ameelekeza njia iliyo karibu na sahihi, na namshukuru kwa kuwahi kujibu, lakini katika jibu lake yamo mambo mawili ambayo sipendi yapite bila kuangaliwa, kwa sababu yatamletea Binti matatizo baadaye, wakati ambao picha itakuwa imeshachapishwa na hakuna atakayeyatafuta.

Nianze na picha kugeuka. Matriki, yaani jedwali la namba, tunaiandika ubaoni kuanzia juu: safu mlalo ya kwanza iko juu, ya pili chini yake, na kuendelea. Grafu tunaichora kinyume, thamani za y zikikua kwenda juu. Amri ya imshow imefuata desturi ya matriki, ndiyo maana safu namba 0 inachorwa juu kabisa isipokuwa umeiambia vinginevyo. Faili lako linaanzia latitudo -8.975, ambayo ni kusini, kwa hiyo kusini kumewekwa juu. Data haina kosa lolote, na maji baridi unayoyaona juu ni yaleyale ya Mpulungu. Unaweza kuthibitisha hata bila kuangalia rangi. Ziwa Tanganyika limelala kwa mshazari: ncha yake ya kaskazini iko karibu na longitudo 29.3 na ncha ya kusini karibu na 31, kwa hiyo kwenye ramani iliyo wima ni lazima literemke kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Kama kwenye picha yako linapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, limepinduliwa.

Kuhusu xticks na yticks, amri hizo hubadilisha maandishi tu. Ukiandika "30" mahali palipo na pikseli ya 20, mhimili bado unajua kwamba hapo ni 20, na kila utakachokiongeza juu ya picha, iwe nukta ya mji, mstari wa mpaka au njia ya boti, kitapangwa kwa hesabu ya pikseli. Ndiyo sababu Kigoma ilitoka nje: kwenye mhimili unaoanzia -0.5 juu na kukua kwenda chini, latitudo -4.88 iko juu ya ukingo wa picha. Kinachotakiwa ni picha yenyewe ipewe majira yake ya nukta, yaani namba zinazoonyesha iko wapi duniani, na kazi hiyo hufanywa na kigezo cha extent, ambacho hupokea namba nne kwa mpangilio huu: kushoto, kulia, chini, juu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Kijana. Namba za extent ni za kingo za picha, si za vitovu vya pikseli za pembeni, ilhali orodha zilizomo kwenye faili la Binti ni za vitovu. Tazama namba zenyewe: kutoka 29.025 hadi 31.475 ni nyuzi 2.45, lakini pikseli 50 zenye upana wa 0.05 zinahitaji nyuzi 2.5. Ukitumia namba za vitovu kama kingo, pikseli zote zinabanwa ili zienee kwenye nafasi pungufu. Kosa linalotokea halilingani kila mahali, na kwa hiyo ni gumu kulitambua: katikati ya picha ni sifuri, na linaongezeka kadiri unavyoelekea pembezoni hadi kufikia nyuzi 0.025, yaani karibu kilomita 2.8. Kwa Kigoma, picha itasogea mashariki kwa nyuzi 0.012 hivi, sawa na kilomita 1.4, na kusini kwa karibu kilomita moja. Kwa mji uliojengwa ukingoni mwa maji, kilomita moja na nusu inatosha kuifanya nukta ya mji ichorwe juu ya pikseli ya ziwa. Matplotlib yenyewe imekuonyesha kanuni hii tangu mwanzo: usipoipa extent, mhimili huanzia -0.5 na kuishia 49.5, kwa kuwa 0 na 49 ni vitovu na picha inaenea nusu pikseli zaidi kila upande.

Jambo langu la pili ni flipud. Picha itatoka sawa, siwezi kukataa, lakini jedwali lililomo kwenye kumbukumbu halitalingana tena na orodha ya latitudo. Baada ya hapo, mtu atakayechukua joto[0], yaani safu ya kwanza ya jedwali, akalilinganisha na lat[0], namba ya kwanza ya orodha ya latitudo, atakuwa amechukua joto la karibu na Bujumbura akalipa latitudo ya Zambia, wala programu haitatoa onyo lolote. Tatizo la uchoraji litatuliwe kwenye uchoraji, namba zibaki kama zilivyotoka kwenye faili. Mimi ningeandika hivi, lon na lat zikiwa ndizo orodha zako za longitudo na latitudo:

nusu = 0.05 / 2
kingo = [lon[0] - nusu, lon[-1] + nusu, lat[0] - nusu, lat[-1] + nusu]
plt.imshow(joto, origin="lower", extent=kingo)
plt.plot(29.63, -4.88, "k^")

Kingo zitakuwa 29.0, 31.5, -9.0 na -3.0. Nakusihi usiache origin="lower". Ukiweka extent peke yake, mihimili itasoma nyuzi sahihi kabisa, kaskazini juu na kusini chini, huku picha iliyo ndani imepinduliwa, na hali hiyo ni ya hatari kuliko ile ya kuona 0 hadi 119, kwa sababu kila kitu kinaonekana kimekamilika. Penye latitudo ya Kigoma utakuwa umechora data ya latitudo -7.12, ambako ziwa limeshasogea mashariki, na nukta ya mji itaangukia nchi kavu upande wa Kongo. Na kama siku nyingine utapewa faili ambalo latitudo zake zinaanzia kaskazini, acha origin iwe "upper", lakini mpangilio wa extent ubaki uleule, namba ya kusini ikitangulia ile ya kaskazini. Kabla ya kuchora faili lolote, chapisha lat[0] na lat[-1] uone linaanzia wapi.

Umbo la picha lisikusumbue. Matplotlib hufanya nyuzi moja ya x iwe na urefu sawa na nyuzi moja ya y, na kwa latitudo zetu, karibu na ikweta, hilo ni sahihi kwa tofauti isiyofikia hata asilimia mbili. Mtu wa Norway asingeweza kusema hivyo, maana kwenye latitudo 60 nyuzi moja ya longitudo ni nusu tu ya nyuzi moja ya latitudo.

Unyanyembe, Tabora

Maelezo ya Mwalimu yanajitosheleza kwa Python. Niongeze kwa ajili ya sisi tunaotumia lugha ya Octave, kwa kuwa wengi tunanakili msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kubadilisha namba, na hapo ndipo nusu pikseli inapopotea. Katika Octave, kama ilivyo katika MATLAB, amri ya imagesc hupokea vitovu vya pikseli za pembeni, si kingo. Kwa hiyo namba ambazo Mwalimu amezikataa kwenye extent, huku ndizo zinazotakiwa:

imagesc([29.025 31.475], [-8.975 -3.025], joto)
axis xy

Mstari wa pili ndio unaofanya kazi ya origin="lower". Bila huo, imagesc nayo inachora safu ya kwanza juu, na mhimili wa y unakua kwenda chini. Tofauti ni kwamba hapa namba za mhimili zinapinduka pamoja na picha, kwa hiyo nukta ya Kigoma bado itakaa mahali pake na utakachokiona ni ramani yenye kusini juu. Fahamu pia kwamba ukiipa imagesc orodha nzima ya latitudo, inachotumia ni ya kwanza na ya mwisho tu, na nyingine zote inachukulia zimepangwa kwa umbali sawa. Wanaotumia R nao wajue kwamba amri ya image ya lugha hiyo huchukulia safu mlalo za jedwali kuwa ndizo mhimili wa x, kwa hiyo ukiipa jedwali kama la Binti bila kuligeuza kwa amri ya t, inayofanya safu mlalo kuwa safu wima, ziwa litalala ubavu.

Mpimaji wa Uvinza, Kigoma

Naomba kuongeza neno kwa watakaofanya kazi hii kwa picha za setilaiti za Landsat, ambazo majira yake ya nukta hayatolewi kwa nyuzi bali kwa mita za UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda. Mkoa wetu umekatwa na longitudo 30: Kigoma Mjini iko kanda ya 35, na sisi wa Uvinza tuko kanda ya 36. Namba za mashariki (mita za kuelekea mashariki) za kanda hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mhimili mmoja hadi picha moja ibadilishwe kwanza iingie kwenye kanda ya nyingine.

La kushangaza zaidi kwa anayeanza ni namba za kaskazini. Picha za Landsat, hata za kusini mwa ikweta, hutolewa kwa UTM ya kaskazini, kwa hiyo Kigoma inasoma takriban -540,000. Vifaa vyetu vya upimaji na ramani za hapa nchini hutumia UTM ya kusini, ambayo huongeza mita 10,000,000, na mahali hapohapo panasoma karibu 9,460,000. Mtu akichora picha kwa mfumo mmoja na nukta zake kwa mfumo mwingine, nukta zinaangukia mbali kabisa na picha, na picha yenyewe inasinyaa ikawa kistari chembamba kwa sababu mhimili umelazimika kubeba vyote viwili. Dawa ni kutoa 10,000,000 kwenye nukta zako, au kuiongeza kwenye namba mbili za mwisho za extent. Lolote kati ya hayo linatosha, mradi usifanye yote mawili.

Nukta zilizosomwa kutoka ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960 zina tatizo la ziada. Zinatofautiana na WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kwa mita zinazokaribia 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwa picha ya Binti yenye pikseli za kilomita tano na nusu hilo halionekani, lakini kwa Landsat yenye pikseli za mita 30 ni pikseli kumi nzima.

Binti Ujiji, Kigoma

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimeandika kama Mwalimu alivyoelekeza na picha imekaa: ziwa linateremka kutoka kushoto juu, Kigoma iko ukingoni upande wa mashariki, na maji baridi yako kusini. Nimeongeza pia nukta ya Mpulungu ili msomaji wa ripoti aone mwenyewe ni upande gani.

Ninayo picha ya pili katika ripoti hiyohiyo, na nahisi extent haitoshi. Ni ya joto la maji kwa kina, eneo moja la ziwa mbele ya Kigoma, mhimili wa x ukiwa ni siku na wa y ukiwa ni kina. Vipimo vilichukuliwa kwenye mita 0, 5, 10, 20, 40, 60, 100 na 150, takriban kila wiki, ila ziko wiki ambazo boti haikutoka. Jedwali lina safu mlalo 8, moja kwa kila kina. Imshow inazipa safu zote unene sawa.

Mwalimu wa Hisabati, Tabora

Marahaba, Binti. Umehisi vyema. Imshow inajua pikseli zinazolingana tu, na extent huzivuta au huzibana zote kwa pamoja. Hapo safu ya mita 5 itapewa unene sawa na ile ya mita 150, na mteremko mkali wa joto karibu na uso wa maji utaonekana mpole kuliko ulivyo. Tumia pcolormesh, ambayo hupokea orodha kamili ya majira ya kila mhimili na kuipa kila pikseli ukubwa wake.

Amri hii ina njia mbili. Ukiandika shading="nearest" unaipa vitovu, orodha zenye urefu sawa na jedwali, nayo inaweka mipaka katikati ya kila vitovu viwili. Ni rahisi, lakini kwa kina chako italeta jambo lisilofaa: pikseli ya kwanza itaanzia -2.5, yaani juu ya uso wa maji, na ya mwisho itashuka hadi mita 175, mahali ambapo kifaa chako hakikufika. Ningependa utumie njia ya pili, shading="flat", ambayo unaipa kingo mwenyewe, kila orodha ikizidi jedwali kwa namba moja. Kingo za kina ziwe hizi: 0, 2.5, 7.5, 15, 30, 50, 80, 125 na 150. Ni tisa kwa safu nane, na hakuna rangi itakayochorwa mahali ambapo hapakupimwa. Kingo za siku zipange kwa namna hiyohiyo, kila kipimo kikipewa takriban siku tatu na nusu kabla na tatu na nusu baada yake.

plt.pcolormesh(kingo_siku, kingo_kina, joto_kina, shading="flat")
plt.ylim(150, 0)

Mstari wa pili unageuza mhimili ili kina kiongezeke kwenda chini, kama msomaji anavyotarajia. Hapa hutahitaji kufikiria uwiano wa mihimili, kwa kuwa pcolormesh hailazimishi siku moja ilingane na mita moja; ila kama kuna picha ya aina hii utakayochora kwa imshow, andika aspect="auto", vinginevyo utapata utepe mwembamba.

Kwa wiki ambazo boti haikutoka, usiziache nje ya jedwali, kwa sababu pikseli za wiki jirani zitatanuka zifunike pengo na msomaji atadhani kulikuwa na kipimo. Ongeza safu wima ya wiki hiyo na uijaze np.nan, alama ya mahali pasipo na namba, nayo itabaki nyeupe.